Wembe wa Kijani Kwenye Shavu la Baba

Jumapili jioni, mwezi wa Julai. Mvua ilianza watu wakitoka kanisani na mpaka sasa haijakata. Ukungu umefunika chai yote kuanzia barabarani hadi mtoni. Nimekaa jikoni kwa Mama karibu na moto, simu iko kwenye chaji, naandika kwa kidole kimoja. Moyo wangu umejaa na sijui nianzie wapi, kwa hivyo nitaanza na wembe.

Watu wetu hupenda kusema wembe ni ule ule. Wanasiasa wanasema, mashabiki wa mpira wanasema, hata mimi nimewahi kuandika hivyo hapa hapa. Leo naifuta kauli hiyo.

Wembe si ule ule.

Kwa msomaji mgeni, mimi ni Kiprono. Nauza vipuri vya pikipiki Litein, na nyumbani kwetu ni upande wa Roret. Baba ni mkulima wa chai, na zamani alikuwa mpogoaji, mkata matawi ya chai, kwenye mashamba makubwa ya wenyewe. Mama alitoka Kedowa, ni Mkikuyu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka lugha yake ishindwe, Kiswahili ndicho kilichokaa katikati ya nyumba yetu. Ndicho tulichogombezwa nacho na ndicho tulichobembelezwa nacho.

Baba hajawahi kuwa na ndevu. Nilipokuwa mdogo, kila Jumapili alfajiri alikuwa akitoka nje na kikombe cha maji moto, brashi, sabuni, na ile mashine yake ya kunyolea ya chuma, ambayo ukizungusha mkia wake kichwa kinafunguka kama milango miwili na wembe unalazwa ndani. Kioo kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari, ukutani mwa stoo. Sisi watoto tulikatazwa kumsemesha mpaka amalize. Nilikuwa nasimama kando ya tangi la maji namtazama, povu likipungua kidogo kidogo na uso wake ukitokea chini yake, mpya, tayari kwa kanisa. Nilidhani kila Jumapili anapata uso mwingine.

Mwaka jana mikono yake ikaanza kutetemeka. Kwanza kikombe kiligonga sahani, tukajifanya hatukusikia. Halafu akaacha kufunga vifungo vya shati mbele yetu. Tukamshawishi aende kwa kinyozi mjini, akaenda, na ile mashine ya stima ikamkwaruza karibu na sikio. Kwa mtu mwingine kidonda kama hicho kingepona kwa wiki moja. Baba ana sukari. Kidonda kilikaa, kikavimba, kikampeleka hospitali mara kadhaa, na kilipopona akatangaza kwamba hakuna kinyozi atakayemgusa tena.

Ndevu zikaota. Zikawa nyeupe, zimejikunja, zimekaa vibaya upande mmoja. Akaacha kwenda kanisani. Akasema magoti yanauma, lakini magoti hayo hayo yalikuwa yanampeleka kwenye chai kila siku.

Halafu ikaja habari ya Chebet.

Chebet ni dada yangu mdogo. Amepata mtu, mtu mzuri, wa Bomet, na watu wake walikuwa waje kwetu jana Jumamosi kwa koito. Hapo ndipo wazee wa pande mbili wanakaa, wanaulizana ukoo, wanaongea juu ya ng'ombe, na mwishowe wanakubaliana kuwa watu wamoja. Baba wa msichana anakaa kwenye kiti chake na watu wote wanamtazama. Siku hiyo haina njia ya kujificha.

Baba akamwambia baba mdogo akae kwenye kiti hicho badala yake.

Mama alimuuliza kwa nini. Alijibu neno moja tu, nami nilikuwepo: "Watasema ni mzee hana watu."

Chebet hakulia. Yeye hukasirika, halii. Alinipigia simu dukani akaniambia waziwazi: "Kama Baba hatakaa kwa kiti yake, mimi nitaambia hao watu wasikuje." Namjua dada yangu. Angewaambia kweli.

Basi nikaenda kwa Baba nikamwambia nitamnyoa mimi. Nilidhani nimepata jawabu. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Kiprono, kwa boma hii wembe inashikwa na mkono ya mwingine mtu akikufa. Mimi nikikufa, nyinyi mtanyolewa vichwa. Sasa mimi sijakufa."

Kweli, ukoo wetu bado unafuata hilo. Kanisani wengi wameliacha, lakini sisi mtu akiondoka, baada ya mazishi tunanyolewa. Kogo, nyanya yetu, alipofariki, tulikaa mstari mmoja kwenye nyasi, kila mtu na wembe wake mpya wa duka, na shangazi akapita kichwa baada ya kichwa. Nililia sana siku hiyo. Watu walinihurumia, wakasema mtoto huyu alimpenda nyanya yake. Nilimpenda, lakini nusu ya machozi yale yalikuwa ya wembe. Ulikuwa unang'oa, haukuwa unanyoa.

Kwetu huwezi kubishana na baba yako kuhusu kifo chake mwenyewe. Nilirudi Litein na moyo mzito, lakini pia na ubishi, kwa sababu mimi nikikataliwa kitu ndipo ninakisoma mpaka mwisho. Nikasema, sawa, hata kama hatakubali, nataka kujua ni wembe gani ungefaa uso wa namna ile: ngozi nyembamba ya mzee, ndevu ngumu za kipilipili, na sukari inayokataza tone la damu.

Nikatafuta nyembe za aina nne. Wa kwanza ni huu wa duka, wa karatasi ya bluu, ambao unakata kucha, unafumua nguo na unachonga penseli za watoto. Wa pili ni wa pakiti ya manjano, niliuona supermarketi Kericho. Wa tatu, wa pakiti nyeusi yenye maandishi ya kung'aa, nililetewa na mteja wangu anayekwenda Nairobi. Na wa nne ni wa kijani, ambao mteja huyo huyo alinipa huku akicheka, akisema niwe na mtu karibu ninapoutumia.

Sasa hapa ndipo utajua mimi ni mtoto wa nani.

Chai haipogolewi shamba zima kwa mara moja. Unapogoa kipande hiki mwaka huu, kile mwaka ujao, ili daima kuwe na kipande cha kuchuma. Na ukitaka kujua kisu gani ni kizuri, unapogoa mistari miwili iliyo bega kwa bega, kisha unangoja uone machipukizi. Nami nikaugawa uso wangu hivyo hivyo. Shavu la kushoto bluu, shavu la kulia manjano, kidevu nyeusi, shingo kijani. Sabuni moja, maji mamoja, asubuhi moja. Ndevu zikiota tena nahamisha, kila wembe uonje kila kipande, maana shavu ni uwanja na shingo ni bonde.

Litein walinicheka mpaka nikazoea. Mwanamke anayeuza mayai karibu na duka langu aliniuliza kama nimeoa tena.

Wembe wa bluu ulifanya ulichofanya zamani kwenye kichwa changu. Ulikwaruza. Ulikuwa unashika unywele, unauvuta, kisha unaukata kwa huruma ya mwisho. Baada yake nilikuwa na vipele vidogo kama mtama.

Wa manjano ulikuwa mpole kabisa. Haukunikata hata kidogo. Haukukata ndevu pia. Nilipitisha, nikapitisha, nikakandamiza, na kwa kule kurudia rudia ngozi ikawaka moto mpaka jioni. Wa pakiti nyeusi ulianza vizuri kama mgeni mwenye adabu, na siku ya pili ukawa butu. Maandishi yalikuwa bado yanang'aa.

Na wa kijani ulinitoa damu kabla sijajua nimekatwa. Sikusikia kitu. Niliona tu uzi mwekundu kwenye povu jeupe. Nikauweka chini, nikasema huu ni wa wendawazimu, huu kwa Baba hapana.

Lakini niliuchukua tena nikausogeza dirishani. Sijui kama nimewahi kuangalia kitu kidogo kwa muda mrefu hivyo. Ukiutazama kwa ubapa unaona chuma, unaona uso wako mdogo ndani yake. Ukiugeuza taratibu utafute ukali wenyewe, hakuna kitu. Chuma kinakwisha na hewa inaanza na huwezi kusema ni wapi. Mtu fulani, mahali fulani, amekaa akatengeneza kitu ambacho mwisho wake hauonekani, akakifunga kwa karatasi, kikaja mpaka Litein kukata ndevu zangu. Nilijisikia mdogo. Nilijisikia kama nilivyojisikia siku ya kwanza kutazama nyota kwa darubini shuleni.

Nikauonea haya. Nikaamua kuupa nafasi ya pili.

Safari hii sikukandamiza. Nilishika mkia wa mashine kwa ncha za vidole, nikaiacha iteremke kwa uzito wake yenyewe, kama mtu anayesindikiza kitu badala ya kukisukuma. Na ndugu zangu, ile sauti. Wembe wa bluu unakwaruza kama ufagio wa miti kwenye sementi. Wa kijani ulitoa sauti ndogo, safi, kama ng'ombe anayekata nyasi ng'ambo ya ua. Ndevu zikaondoka. Ngozi haikujua.

Hapo nikakumbuka visu vya Baba. Alikuwa akivinoa jioni mpaka Mama anakasirika na ile kelele, na alikuwa akisema kisu butu hupasua tawi, na tawi lililopasuka hukauka hadi kwenye shina. Kila mtu huku kwetu anajua hilo. Mtoto wa miaka saba anajua. Na mimi, mtoto wa mpogoaji, nilikuwa natafuta wembe mpole kwa sababu nilikuwa naogopa, kumbe upole wa wembe ndio unaomfanya mtu akandamize, na kukandamiza ndiko kunakokata.

Wembe ule mkali kuliko zote ndio uliokuwa na huruma. Lakini unataka mkono usio na haraka wala hofu, na huo sikuwa na hakika kama ninao.

Ijumaa jioni nilijinyoa kipande kimoja tu kwa wembe mpya wa kijani, upande wa kushoto. Upande wa kulia nikaunyoa kwa wa bluu. Kidevu na shingo nikaviacha msitu. Nilitaka kwenda kwa Baba na shamba la mfano, kama yale wanayotuonyesha mabwana shamba: hapa tumetumia hiki, hapa tumetumia kile, mzee jionee.

Jumamosi nilifika asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye chai. Nyumba ilikuwa imejaa kazi. Mama na majirani walikuwa wanapika, Chebet anapiga deki kwa hasira, na Baba yuko nje ukutani mwa stoo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa suruali mpya na koti la zamani. Ndevu zake zilikuwa zimeloa umande. Kioo hakikuwepo kwenye msumari.

Nilipiga magoti mbele yake ili anione vizuri. Nikamweleza. Nikamwambia huku ni wembe wa duka, huku ni huu mwingine, na kwamba nimekuwa nikijikata kwa wiki kadhaa ili nisije nikamkata yeye.

Baba aliinua mkono wake. Mkono ulikuwa unatetemeka, akauleta usoni mwangu, akapitisha mgongo wa vidole kwenye shavu la kulia, polepole, kisha la kushoto. Ndivyo alivyokuwa akikagua chai iliyopogolewa, kwa mgongo wa vidole, kwa sababu viganja vyake vimekuwa vigumu mno havisikii. Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto, na sikumbuki mara ya mwisho Baba kunigusa uso.

Alirudi shavu la kushoto. Akakaa hapo.

"Hapa nani amepita?" aliniuliza, kama anavyouliza juu ya kazi ya mpogoaji.

"Ni huyu wa kijani, Baba."

"Na hizi alama zote kwa shingo?"

"Hizo ni zangu. Nilikuwa najifunza."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Akasema kwa ule utani wake wa Kedowa usio na tabasamu: "Mzee, mtoto akililia wembe si hupewa? Mpe."

Baba akavua koti.

Nilikimbia ndani kuleta vitu. Nilichukua taulo moja jekundu, sabuni, brashi na bakuli lake, mashine yake mwenyewe kutoka kwenye kopo lake, na chupa ya chai yenye maji moto ambayo Mama aliniambia iko mezani. Nilirudisha kioo kwenye msumari. Nikaweka wembe mpya wa kijani ndani ya mashine, nikazungusha mkia, milango ikajifunga. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka vibaya.

Baba akaona. "Sasa ni nani anatetemeka?" akasema. Nikacheka kidogo, ikanisaidia.

Nikamimina maji moto kwenye taulo, nikakamua, nikamfunika uso mzima ili ndevu zilainike. Nikamimina mengine kwenye bakuli la brashi, nikakoroga povu. Nilikuwa nasali kimoyomoyo wala sikutazama nilichomimina. Kisha nikamsikia Baba chini ya taulo akivuta pumzi ndefu kwa pua, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Kiprono," akasema ndani ya taulo. "Hii ni chai."

Nikatazama bakuli. Povu lilikuwa rangi ya mchanga. Nikafungua chupa, nikanusa, na kweli, ilikuwa strungi. Strungi ya Baba, chai kavu bila maziwa wala sukari, ambayo Mama humpikia kila asubuhi kwa sababu ya ugonjwa wake. Nilikuwa nimenunua chupa mbili mpya kwa ajili ya wageni, za rangi moja, sura moja, kwa sababu zilikuwa nzuri. Maji moto yalikuwa bado mezani. Nilikuwa nimempaka baba yangu chai usoni siku ya koito ya dada yangu.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilianza kuomba msamaha, nikashika taulo nilitoe, lakini aliniwekea mkono wake juu ya wangu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka. Baba yangu, ambaye hajacheka tangu kile kidonda, alikuwa anacheka ndani ya taulo la chai mpaka Chebet akaacha kupiga deki akaja kuona kuna nini.

"Wacha," akasema alipopata pumzi. "Hii chai nimeitumikia maisha yangu yote. Leo wacha initumikie."

Basi nikamnyoa kwa chai.

Sijui niandikeje sehemu hii. Nilianza shavu la kulia, mbali na lile kovu. Niliivuta ngozi kwa kidole gumba kama nilivyojifunza kwenye uso wangu, lakini ngozi yake ni laini mno, inakuja na kidole kama kitambaa. Niliiacha mashine iteremke. Ile sauti ya ng'ombe na nyasi ikaja. Nyuma ya mashine palibaki njia ya ngozi nyeusi, yenye kung'aa, bila alama.

Nikafuata njia ya pili, na ya tatu. Kila nikiosha mashine kwenye bakuli nilikuwa natafuta wekundu, na kila mara ilikuwa ni chai tu.

Halafu nikafika chini ya taya la kushoto.

Nina shida moja hapo kwangu mwenyewe. Ndevu zangu zote zinashuka, isipokuwa chini ya taya la kushoto, ambapo zinazunguka kama maji kwenye shimo la sinki, zikalala kuelekea sikioni. Ndipo nilipojikata zaidi. Ilinichukua majaribio mengi kuelewa kwamba hapo lazima mashine iende kando, kutoka kidevuni kuelekea sikio, la sivyo unakwenda kinyume na kila unywele.

Nilisugua povu kando nitazame. Kwenye taya la Baba, mahali pale pale, ndevu nyeupe zilikuwa zinazunguka vile vile na kulala kuelekea sikioni.

Nikasimama nikiwa nimeshika mashine hewani. Wiki zote hizo nilidhani najifunza wembe. Nilikuwa najifunza uso wake bila kujua. Kila mahali nilipojikata ni mahali ambapo ningemkata yeye. Mungu alikuwa ameiweka ramani ya Baba kwenye shingo yangu tangu nizaliwe, na mimi nilikuwa nainyoa bila kuisoma.

Nilipitisha mashine kando, kuelekea sikioni, kama ninavyojifanyia. Ngozi haikujua.

Kovu nililiacha mwisho. Nililizunguka kwa pumzi moja niliyoishikilia, na nilipomaliza Baba alinikumbusha nipumue. Hakukuwa na tone la damu. Hata moja. Nilimpangusa kwa lile taulo la chai, na ngozi ikatulia, haikuwa na wekundu wala joto. Mama alikuja akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi, akarudi jikoni. Nilimwona akifuta macho kwa kanga, na moshi wa kuni haukuwa umefika huko mlangoni.

Chebet aliondoa kiti cha baba mdogo pale mbele, akaweka cha Baba.

Wageni walifika mchana, na ukungu ulikuwa umeondoka. Sitaandika yote, mambo ya koito ni ya waliokuwepo. Nitasema tu kwamba Baba alikaa, akaulizwa, akajibu, akakataa mambo mawili kwa heshima na akakubali yaliyobaki kwa heshima zaidi. Mikono ilikuwa inatetemeka magotini muda wote, na hakuificha. Mzee mmoja wa upande wa pili, aliyekaa karibu naye, aliinama nikamsikia akimuuliza anajipaka nini, kwa sababu ananukia vizuri. Baba akamwambia ni dawa ya huku kwetu. Baba mdogo, ambaye alikuwa amepona kukaa kwenye kiti kile, ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mimi nilikaa nyuma na uso wa vipande vinne. Katika haraka ile nilisahau kujinyoa. Kwenye picha zote za koito ya dada yangu niko hivyo, na Chebet ameshaahidi kutengeneza moja kubwa ya ukutani.

Leo asubuhi Baba alikwenda kanisani. Alitembea mbele ya sisi sote.

Tuliporudi, kabla ya mvua kupata nguvu, aliniita pale ukutani mwa stoo. Nilimkuta ameifungua mashine, ameutoa wembe wa kijani, ameulaza kwenye kiganja chake kile kigumu. Ulikuwa unacheza kidogo kwa sababu ya mtetemo, na mwanga ulikuwa unateleza juu yake. Alikuwa anautazama kama nilivyoutazama mimi dirishani, akiugeuza, akitafuta mwisho wake. Nilingoja. Tangu utotoni najua kwamba hapo hasemeshwi.

Aliuliza kama zingine zipo. Nikamwambia zipo, pakiti karibu nzima.

"Uweke," akasema. "Siku yangu ikifika, nyinyi mnyolewe na hii. Sio ile ya duka. Ile ya duka ilikuliza sana kwa Kogo yako."

Kumbe alijua. Miaka yote hii alijua ni nini kilikuwa kinaniliza kwenye zile nyasi, na hakuwahi kusema. Niliangalia chini nikamwambia sawa, Baba.

Aliurudisha wembe kwenye karatasi yake akanipa, akaingia ndani kutafuta chai.

Sasa mvua imeanza kupungua, na Mama anataka kiti chake cha jikoni. Pakiti ya kijani nimeiweka juu ya kabati, kando ya zile chupa mbili. Moja nimeifunga utepe mwekundu shingoni ili nisikosee, kisha nikaufungua tena nikautupa.

Sikuiweka pakiti kwa ajili ya siku aliyoitaja. Nimemgusa taya kabla hajaingia ndani, na pale chini, upande wa kushoto, ndevu zimeshaanza kuota. Jumatano nafunga duka mapema.